Medali Aliyonyimwa Mama kwa Kukataa Kula

Goma, tarehe 20 Agosti 1956

Kwa Bwana Prezida wa Kamati ya Maonyesho ya Vyakula vya Kivu

Bwana Prezida mheshimiwa,

Mimi ni Perpétue Mukakalisa, mwalimu wa wasichana. Si mutu wa kusema sana. Jambo hili nimekaa nalo moyoni siku tisa, nalo limekataa kunyamaza kama mimi.

Jumamosi ile mlitoa Medali ya Kazi ya Maisha Yote, kwa mutu aliyetukuza vyakula vya kwetu. Jina la mama yangu, Apolline Nyiransengimana, lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Miaka ishirini na saba amewapikia madereva wa malori yanayokwenda Bunagana. Kabla yake walikula mkate mkavu na samaki wa mkebe. Leo wanapiga honi kutoka mbali ili aanze kusonga bugali. Lakini medali alipewa mwingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sheria yenu inataka mshindi ale chakula chake mbele ya watu na mpiga picha. Mama alikataa, nanyi mkaandika kwamba hapendi mapishi yake mwenyewe. Bwana Prezida, sisi ni watu wa ng'ombe, wa milima ya Masisi. Kwetu mutu mzima mwenye adabu hatafuni mbele ya wageni. Anakunywa maziwa, anapangusa mdomo, basi. Nina miaka ishirini na miwili, na mama nimemwona akitafuna mara mbili tu. Mara moja ilikuwa dawa.

2. Aliyeshinda ni Bwana Rémy wa nyumba ya wageni ya Keshero, ambaye hata maharagi yake yanatoka Ulaya. Alimaliza sahani mbili akiitazama kamera. Kama kula ndiyo kazi ya maisha, kaka yangu Émile, ambaye adabu ya Masisi haikumfikia, anastahili medali sita.

3. Sombe yetu, yale majani ya muhogo tuliyowaletea, ninyi wajumbe watano mliionja kijiko kimoja kimoja, mkaweka vijiko chini, mkatazamana. Miaka ishirini na saba, vijiko vitano. Chungu nilikibeba mimi kichwani, na kilirudi na uzito uleule.

4. Kwa hiyo naomba shindano lirudiwe nyumbani kwetu. Mama atakula nyuma ya pazia, ninyi mtatazama ukuta, na sista mmoja mwenye masikio mazuri ataapa kwamba amesikia kutafuna. Hilo likishindikana, tangu sasa medali wapewe wale tu ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakila, na wote waliozipata zamani wazirudishe kabla ya Noeli.

Salamu zangu kwa Madame wako, kwa wajumbe wote, kwa karani Damien aliyepangusa meza, hata kwa Bwana Rémy, ambaye simchukii sana.

Ni mimi, ninayengoja jibu lako kwa heshima na bila subira,

Perpétue Mukakalisa

P.S. Kabla ya kuifunga barua nimemsomea mama. Amesikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mwanangu, siku ile sikukataa juu ya adabu. Sombe ilikuwa chumvi tupu. Nilikuachia weye uipike, na sikutaka kukuhaibisha mbele ya watu." Basi Bwana Rémy abaki na medali yake. Na kama kati yenu yuko aliyekimeza kijiko chake chote, naomba umshukuru kwa niaba yangu.