Mahari na Lita Zake

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kompyuta za ofisi zimewekewa programu mpya. Fundi alikuja asubuhi, akamaliza saa tano, akanywa chai yetu, akaenda. Kila kitu kimehamishwa. Kitufe cha kuhifadhi kazi nilikiona saa nane mchana. Sikumwuliza mtu. Mtu wa cheo changu haulizi vitufe viko wapi.

Baada ya chai Mama Mwenyekiti, Monicah mwenyewe, alitangaza mambo mawili. Mkutano mkuu wa ushirika wetu wa maziwa ni Jumamosi, ukumbi wa kanisa kule Ruring'u, na anataka ile chati ya zamani yenye rangi, ile wanachama wameizoea, iwe na lita za mwaka huu. La pili, kamati imekubali karani mmoja wa kudumu. Mmoja tu. Sisi ni wawili, mimi na Wandera, sote wa mkataba, na mikataba inaisha mwisho wa mwezi. Ataangalia kazi ya wiki hii ndipo aamue.

Nilijitolea kabla hajamaliza. Nikamwambia chati ziko kwa damu yangu. Wandera alisema tu kwamba atasaidia akihitajika. Ni mtu wa Bungoma, mpole, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka kinaudhi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeifungua chati. Ya mwaka 2014. Nguzo tatu nzuri: Tetu ya kijani, Ruring'u ya samawati, Kiriaini ya machungwa. Nikabofya ili nibadilishe lita. Hakuna. Nikabofya mara mbili. Programu ikasema ati faili yenye hesabu zake haionekani. Kumbe ilikuwa kwenye kompyuta ya karani aliyestaafu, na hiyo kompyuta alipewa kama zawadi ya kuagwa. Kilichobaki kwetu ni picha tu. Unaiona, huigusi.

Nilibofya mpaka kidole kikauma. Wandera akapita nyuma yangu, akasema kwa upole kwamba dawa ni kuchora chati mpya, lita za mwaka huu ziandikwe kwenye jedwali, kazi ya saa moja. Nikamwambia najua. Sikuwa najua. Lakini nikifuata njia yake, chati itakuwa yake, na kazi pia itakuwa yake. Heri niumie na akili yangu.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata! Kisanduku cheupe.

Sihitaji kuigusa chati. Naifunika. Unachora kisanduku cheupe juu ya lita za zamani, juu yake unaandika lita mpya. Nguzo ikiwa ndefu kupita kiasi, unaikata kichwa kwa kisanduku. Ikiwa fupi, unaiongezea kipande cha rangi yake. Nimefanya hivyo siku nzima. Tetu sasa lita 6,200 kwa siku. Ruring'u 3,100. Kiriaini, ambao ng'ombe wao wamepungua, 1,900. Kijani cha nyongeza ya Tetu hakikulingana na cha chini, lakini nani atakuja kwenye mkutano wa maziwa kuangalia vijani?

Wandera aliniuliza imeendaje. Nikacheka kidogo, kwa pua, kama mtu aliye na siri.

Alhamisi, 13 Machi

Leo ilikuwa siku ya mapambo. Kichwa cha chati kilikuwa Kiingereza na wazee hulalamika. Nimekitafsiri mwenyewe, herufi kubwa, nyekundu. Nilisita kwenye neno moja tu. L ama R? Ulimi wetu wa huku hausaidii, kwake hizo herufi ni mapacha. Nilifikiria kumwuliza Wandera. Nikajizuia. Nikalitamka neno mara kumi chini ya meza, nikachagua ile iliyosikika ya kisomi zaidi: MAHARI NA LITA ZAKE. Yaani watu waone kila kituo na maziwa yake. Fupi, tamu.

Kisha nikagundua kwamba visanduku vinaweza kupewa mwendo! Unabonyeza, vinaruka. Kuna orodha ya nyota za kijani na orodha ya nyota nyekundu. Nimechagua nyekundu, zinang'aa zaidi na zinaenda na kichwa. Sijazijaribu. Kujaribu ni kwa watu wasiojiamini.

Ijumaa, 14 Machi

Wandera aliomba aipitie chati, ati macho mawili mapya hayadhuru. Nimeifungia faili kwa nenosiri papo hapo, yeye akiangalia. Alirudi mezani pake. Karibu nimwonee huruma, maskini, na mkataba unaisha.

Jioni nilimwambia mke wangu Tabby kwamba kazi ya kudumu imeingia mfukoni. Amempigia mamake simu. Mamake amewaambia watu wa kanisa lao.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Nilisimama mbele na suti yangu ya harusi. Chati ikatokea ukutani, kubwa kama lango. Watu wakanyamaza. Nikadhani ni heshima.

Kicheko kilianzia upande wa akina mama. Kisha Mzee Mugo, mfugaji wa Kiriaini na mjumbe wa kamati, akainua fimbo akaomba aelezwe mambo mawili. Tangu lini mahari yakalipwa kwa maziwa? Na kama msichana wa Tetu ni lita elfu sita na mia mbili, msichana wa Kiriaini ana kasoro gani hata awekewe elfu moja na mia tisa? Yeye ana mabinti wanne, wote wamesoma. Mama mmoja wa Ruring'u akamwunga mkono, akasema nao wameonewa.

Mimi bado sikuelewa. Nikadhani wanabishania uzito wa maziwa. Nikawatuliza. Nikawaambia wasijali, hizo ni lita za kila siku.

Mtu akaanguka kutoka kwenye benchi.

Nikaona niokoe hali kwa zile nyota. Nikabonyeza. Visanduku vya Tetu vikaruka, vikapotea nje ya ukuta. Nikabonyeza ili virudi. Vya Ruring'u vikaondoka. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi na Kiriaini ikavuliwa nguo mbele ya kanisa zima. Chini yake ilisimama nguzo ya mwaka 2014, ndefu kuliko zote, lita elfu saba. Mzee Mugo akaitazama, akasema sasa hiyo inaonyesha heshima, akaketi. Watu wa Kiriaini wakampigia makofi.

Mama Mwenyekiti hakucheka. Nilimwangalia vizuri, na hakucheka.

Wandera alikuja mbele, akaninong'oneza. Nyota za kijani huleta kitu, nyekundu hukitoa. Na neno la pale juu, kwa R, ni ng'ombe na mbuzi wanaopelekwa kwa wakwe. Kisha akachomeka kompyuta yake. Alikuwa na chati. Aliichora Jumanne, kwa saa moja, ati ikihitajika tu.

Nilitoka kwa mlango wa jikoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nyumbani Tabby alikuwa ameshasikia yote. Aliniuliza yeye nilimtolea lita ngapi.

Jumatatu, 17 Machi

Kazi amepewa Wandera. Nilimpa mkono. Wake ulikuwa na joto, wangu baridi.

Lakini sijafukuzwa! Mama Mwenyekiti ameniita. Amesema naweza kuongezewa miezi mitatu, kwa sharti moja: niandikie kamati barua, watu tisa, nionyeshe kwamba kosa langu nimelielewa. Wakiridhika, nabaki. Wasiporidhika, tutaagana mwisho wa mwezi.

Wandera amejitolea kuisoma kabla haijatumwa. Nimemshukuru, nikakataa. Barua ya toba ni ya mtu na moyo wake.

Nimeandika sentensi chache, za unyenyekevu. Nimetoa nakala tisa na kuzipeleka mwenyewe, kila mjumbe mkononi mwake. Neno la mwisho, ambalo ndilo barua yenyewe, nimeliweka katikati ya ukurasa, peke yake, kwa herufi kubwa ambazo hata Mzee Mugo atazisoma bila miwani: NIMEJILEKEBISHA.