Jiwe Nililolitunga

Jumatano, 5 Machi

Nimezima redio kwa kofi. Mtabiri wa hali ya hewa, kijana mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa, ametangaza kwamba masika yataanza wiki ijayo na kwamba wasafiri wa barabara ya mlimani waondoke mapema. Waondoke mapema! Nimefundisha ng'ambo ya mlima ule miaka mingi. Masika hayaanzi mpaka kilele kivue wingu asubuhi tatu mfululizo. Leo kimejifunika gubigubi. Redio haina dirisha, itajuaje?

Harusi ya binti yangu, kitinda mimba, ni Jumamosi ya tarehe 15, huko huko ng'ambo. Msemaji wa familia ni mimi. Hotuba iko tayari. Lakini binti amemwambia mama yake kwa simu kwamba baba akichelewa, mjomba atasema badala yake. Mjomba! Yaani shemeji yangu, fundi saa, mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kuichekea mwenyewe.

Shemeji anataka tuondoke wote Jumatatu. Nikamjibu kwamba baba wa bibi harusi hafiki siku zote hizo kabla, kama mtu aliyeishiwa unga nyumbani. Tutaondoka Alhamisi. Basi hufika jioni ile ile. Akacheka. Eti, "Shemeji, mvua haikusoma shuleni kwako. Haitasimama wima ukiingia." Mke wangu naye akacheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu wa ndoa!

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata dawa yake.

Shemeji akitangulia, atakaa na wakwe akiwasimulia vichekesho, na ikifika siku yenyewe hakuna atakayekumbuka kwamba bibi harusi ana baba. Basi asitangulie. Asubuhi nilipita kibandani kwake nikiwa nimevaa uso wa msiba. Nikamweleza kwamba nimekutana na msafiri aliyetoka mlimani: jiwe limeporomoka kwenye kona ya juu, kubwa kama darasa, na barabara imefungwa mpaka katikati ya wiki. Shemeji alidondosha kibano.

Sipendi uongo. Nimewachapa watu kwa ajili ya uongo. Huu si uongo, ni mpango.

Jumapili, 9 Machi

Mdomo wa shemeji hauna kifuniko. Muuza magazeti amenihabarisha kwamba kuna jiwe mlimani kubwa kama nyumba. Kufika kwa kinyozi, jiwe limekuwa kubwa kama hospitali, na chini yake kuna ng'ombe. Kinyozi akaniuliza kama nimesikia. Nilikuwa na wembe shingoni. Nikaitikia kwa macho.

Jumatatu, 10 Machi

Kalamu imetoboa karatasi kwa hasira.

Shemeji hakukaa! Mteja wake mmoja ana gari, na wanakwenda kwa njia ya bondeni, mzunguko wa siku mbili, ili kulikwepa jiwe. Jiwe langu! Mke wangu ameshafunga mizigo. Akaniambia niingie garini. Nikasema ninangoja barabara ya mlimani ifunguliwe. Akauliza kama nitalisomea jiwe hotuba mpaka liondoke lenyewe. Shemeji akanipangusia kiti cha mbele. Eti, "Panda, mzee mwenzangu, usituangushe. Njiani tutaimba." Kuimba! Siku mbili!

Nikakataa. Kumwambia kwamba hakuna jiwe sikuweza. Mtu mzima haumbuliwi kwenye mlango wa gari.

Mke wangu hakucheka tena. Alisema jambo moja tu: "Mtoto amesema uje." Wakaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Nimepiga pasi suti mwenyewe. Imetoka vizuri. Kitambaa cha meza kimeungua kidogo, lakini hicho hakiendi harusini.

Kilele kimevua wingu leo. Ni asubuhi ya kwanza tu, nami nasafiri kesho. Mtabiri wa redio ameendelea kupayuka. Nimemzima tena.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna basi!

Mkata tiketi, binti anayetafuna ubani kama analipiza kisasi, amenieleza kwamba mwenye basi amelihamishia njia nyingine kwa sababu ya jiwe. Nikamwambia hakuna jiwe. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema najua tu. Akasema habari ya jiwe ilitoka kwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwenye heshima zake, tena mkali, hawezi kudanganya. "Au baba unataka kumwita mwalimu mwongo?" Watu wote wa kwenye foleni wakanigeukia. Mmoja akaguna. Nimesimamia shule maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuninyamazisha namna ile.

Nimepata lori la saruji. Dereva hajali mawe. Eti amezaliwa mara moja na atakufa mara moja. Kiti cha mbele amekikalia utingo mwenye jino bovu, kwa hiyo nimepandishwa nyuma, juu ya mifuko, chini ya turubai. Mimi! Pamoja na suti!

Tulipoanza kupanda, mvua ikashuka. Asubuhi moja tu ya kilele kitupu! Mlima huu hauna nidhamu. Turubai lina tundu, na tundu liko juu ya sanduku langu.

Ijumaa, 14 Machi

Tumekwama kwenye kizuizi. Alfajiri ukingo umemeguka na jiwe limeporomoka mbele yetu. Kwenye kona ya juu. Nimekwenda kulitazama. Ni kubwa kama darasa. Madawati arobaini yangeenea bila kubanana.

Mlinzi wa kizuizi, mwanamke mwenye koti la mvua la kiume na sauti ya kuita mbuzi, anasema wiki nzima watu wa mjini wamekuwa wakimpigia simu kumuuliza habari za jiwe, naye akiwacheka. Sasa jiwe hili hapa. Anasema huyo aliyeliona kabla halijaanguka atafutwe apewe kazi ya redio. Kwa kuwa nilikuwa na njaa ya kuheshimiwa, nikamwambia ni mimi. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akauliza, ulijua kwamba jiwe litaanguka hapa, na bado ukaja?

Dereva alicheka mpaka akakaa matopeni. Hata mwenye jino bovu alicheka, akiwa ameshika shavu.

Nimefungua sanduku. Saruji imeingia, na maji yameingia. Mkono wa kulia wa koti umeganda kama wa sanamu. Haukunjiki. Nimeugonga kwenye mlango wa lori, na mlango umebonyea.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya harusi. Mawimbi ya simu hayafiki hapa isipokuwa ukisimama juu ya pipa nyuma ya kibanda cha mlinzi, anapopokelea simu zake. Nikapanda. Nikavaa suti. Mkono mmoja ulinyooka mbele kama ninaelekeza magari. Mvua ilikuwa inanyesha. Mlinzi alinishikia mwavuli kwa ncha ya fimbo, na kila nilipotua alikuwa akiniuliza kama bado ni ndefu.

Shemeji aliiweka simu kwenye kipaza sauti. Nikaanza, kama ipasavyo, na chanzo cha ndoa tangu binadamu wa kwanza. Nilikuwa ninakaribia kuingia kwenye nasaha zenyewe, simu ikakatika.

Jioni mke wangu akapatikana. Anasema watu walidhani nimemaliza, wakapiga makofi kwa shukrani. Ndipo shemeji akasimama. Akasema kwamba dada yake ameolewa na mtu mgumu kuliko jiwe, lakini mtu huyo sasa hivi amesimama juu ya pipa, mlimani, mvuani, kwa ajili ya mtoto wake. Akakaa. Basi! Eti ukumbi mzima ulilia. Eti binti alilia mpaka akapakwa poda upya.

Mwizi! Pipa ni langu! Mvua ni yangu! Na hakugusia hata kidogo chanzo cha ndoa!

Jumatatu, 17 Machi

Jiwe limepasuliwa. Barabara itafunguliwa kesho.

Binti amepiga simu mwenyewe. Anasema mumewe amepangiwa kazi mbali sana, wanaondoka kesho jioni, na hawatarudi mpaka mwakani. Wamekubaliana kwamba asubuhi watapanda kwanza mlimani kuja kuniona. Atavaa gauni lile lile ili nilione. "Baba, nakuomba. Usiende popote. Kaa hapo hapo kizuizini, usipange lolote." Sauti ilikuwa ile ya utotoni, alipokuwa akiniomba nisizime taa.

Nikamwambia sawa, mwanangu. Nilikaa juu ya pipa kwa muda baada ya hapo, ingawa simu ilikuwa imekwisha.

Jumanne, 18 Machi

Nimetafakari. Neno "sawa" nililisema kabla ya kutazama kilele.

Leo kimejifunika mpaka mabegani. Kwa hesabu zangu, mvua kubwa itapiga kabla ya adhuhuri, na hakuna mwenye akili timamu atakayempandisha bibi harusi mlimani. Watangoja nyumbani. Isitoshe, gari hilo halitakosa shemeji ndani yake. Anikute nimekaa kwenye mifuko ya saruji kama mzigo uliokosa mwenyewe? Hapana. Nitawafuata mimi. Nitaingia mlangoni kwa miguu yangu, kabla ya chai.

Mlinzi alisema binti amemwagiza asiniache niondoke. Nikamwambia afungue kizuizi. Akasema ninaondoka kwa hiari yangu na yeye hamo.

Lori linashuka upande wa pili. Safari hii nimekaa mbele, utingo amerudi mjini kung'olewa jino. Ukungu ni mzito, na miwani yangu ina saruji ambayo haifutiki. Mvua haijanyesha. Inachelewa tu.

Muda huu huu tumepishana kwenye kona na gari dogo jeupe linalopanda mlima kwa kasi, maua yamefungwa mbele, honi haikatiki. Mwanamke mmoja alikuwa amejitoa dirishani nusu mwili, nguo nyeupe inapepea, anapunga mikono yote miwili na kupiga kelele. Nyuma yake kuna mzee anacheka. Wametumwagia matope kioo kizima. Nimetoa kichwa nje nikawafokea kwa sauti ya gwaride mpaka wakapotea kwenye ukungu. Msimu wa masika, barabara ya mlimani, na watu wanajiendea tu bila mpango!

Dereva ameniuliza kama nawafahamu. Nimemwambia aongeze mwendo, binti yangu ananingoja.