Vipimo vya Mama Metroni

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimelistaafisha daftari la vipimo. Miaka ishirini naandika vifua na viuno vya watu kwa penseli butu. Basi! Sasa namzunguka mteja na futi, nataja inchi, simu iliyo mfukoni mwa shati inarekodi. Mikono huru. Fundi Penseli, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, aliuliza simu ikizima itakuwaje. Wivu huo. Mke wangu, ambaye kazi yake dukani ni kushona vifungo na kunishona mdomo, alisema nisitupe mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa natazama video ya mtu anayepiga pasi huku akipiga miluzi.

Jumanne, 5 Machi
Neema imeshuka! Metroni wa zahanati anataka magauni kumi na mawili, lake na ya wauguzi wake. Kwanza nimshonee lake, aje alijaribu Ijumaa. Likimkaa, kazi yote yangu. Lisipomkaa, anavuka barabara kwa Penseli. Aliyasema hayo akitabasamu, kama mtu anayekaribia kukuchoma sindano.

Nikampima. Alipotoka nikaongeza kwenye rekodi maelezo ya kitaalamu: kiuno arobaini na mbili, lakini alibana pumzi kama mpiga mbizi, weka arobaini na nne, asijue. Daftari lingeyaweza hayo?

Jumatano, 6 Machi
Umeme hakuna tangu alfajiri. Simu imezima. Kitambaa kimelala mezani, mkasi juu yake, mimi navitazama vyote viwili. Nikaenda kuchaji kwa kinyozi mwenye sola. Foleni! Nikaazima simu yake nimwambie mke wangu nitachelewa. Namba yake siijui. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, watoto wanne, namba siijui! Niliyoikumbuka ni moja tu, yangu. Nikaipiga. Sipatikani. Kinyozi akaniuliza kwa upole kama nimekula.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango safi: mke wangu akate kitambaa, mimi nikatafute zipu sokoni. Nikamtumia ile rekodi huku natembea. Simuni mke wangu ni "Mama", na anayemfuatia ni "Mama Metroni". Kidole changu ni kinene.

Nilipogundua nilifuta upesi. Nikarudi kifua mbele kumweleza mke wangu nilivyoliwahi balaa. Akauliza nimefuta kwa Metroni au kwangu. Nikatazama.

Kwangu.

Na rekodi yenyewe imefutika nayo simuni, yaani vipimo anavyo yeye, mimi sina. Gauni ni kesho na kitambaa hakijaguswa. Nikamwandikia: "Mama yetu, mtandao ulisumbua, tafadhali nirudishie ule ujumbe bila kuusikiliza." Tiki mbili za bluu. Mke wangu akarudi kwenye vifungo vyake.

Ijumaa, 8 Machi
Metroni kaja mwenyewe. Penseli naye kavuka barabara, eti kuazima uzi. Metroni akaweka simu yake juu ya cherehani, akabonyeza. Sauti yangu ikajaa chumba, mpiga mbizi na yote. Penseli alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia mke wangu, "Pole shemeji, mzigo umeubeba." Mimi nilikuwa nahesabu vidole vyangu vya miguu.

Metroni akangoja amalize. Kisha akasema arobaini na nne ndiyo kweli. Gauni la mwaka jana alishona Penseli, akaandika arobaini na mbili jinsi ilivyosomeka kwenye futi, na siku ya kwanza alipoinama kumfunga mgonjwa bendeji lilipasuka mgongo mzima. Penseli akakumbuka ameacha pasi ya moto dukani kwake.

Kazi tumepata! Ila kwa sharti: wauguzi watapimwa na mke wangu, kwa futi na daftari, nami nisiwe karibu. Gauni la Metroni tutalimaliza kesho. Nimeruhusiwa kushona pindo.

Jumapili, 10 Machi
Gauni limemkaa Metroni kama ngozi yake. Wauguzi kumi na mmoja wamepimwa, kila mmoja jina lake na kiuno chake, kwa mwandiko mzuri. Metroni alimsihi mke wangu vipimo viwe siri kama ya daktari, la sivyo kazi itavuka barabara.

Leo mke wangu kaenda kumjulia hali dada yake, daftari kaliacha mezani. Wazi kabisa! Chai ikimwagika je? Nikapiga picha kila ukurasa. Nikaona haitoshi, lazima picha awe nazo na yeye. Hapo ndipo utu uzima unapofaa. Kosa la Alhamisi lilikuwa kuchagua jina moja. Leo sikuchagua. Nimewatumia wote waliomo simuni.

Mke wangu hawezi kuzikosa.