Ku Kasese na Jina ya Mwingine

Siku ya tatu, 13 juin 2001. Butembo.

Nimekata shauri. Naenda ku Kasese!

Equipe ya babinti ya parokia yetu inavuka mupaka. Siku ya posho, tarehe 16, watacheza mupira na babinti ba Uganda. Jokébed yangu njo gardienne, mwenye kulinda goli. Ndoa yetu ni septembre, mbuzi za baba yake zilishafika zote, inabakia misa tu. Na nani anaenda naye kule? Bertrand! Ule prof balimutumaka hapa kutoka Kasai, coach, mutu ya urefu na filimbi. Jana nilimuona ku terrain anamufundisha Jokébed kuruka. Alimushika mikono yote mbili. Kuruka gani inaomba mikono mbili?

Mi naogopa bintu mingi. Naogopa basoda na bunduki zao, naogopa barrière zao ku njia, naogopa ngombe yenye kuniangalia. Mais Bertrand ku Kasese, siku ine, bila mi? Ile naogopa zaidi.

Plan ni hii. Kakule Léon, mwenye kubebaka mipira na maji ya equipe, malaria imemulaza. Jina yake iko tayari ku feuille de route, karatasi yetu ya safari, na cachet, muhuri, juu yake. Kubadilisha jina, hapana: inaomba cachet mupya, na mwenye cachet alishakimbia. Donc naenda na jina ya Léon. Bertrand alikubali mbio mbio, juu hakutaka kubeba mufuko yeye mwenyewe.

Jokébed alisema nitakufa na woga mbele ya kufika Beni. Nilimujibu mwanaume mwenye kupenda haogopi. Kisha nilienda choo mara tatu.

Siku ya ine, 14 juin. Beni.

Barrière saba toka Butembo! Ku ya kwanza, soda aliita Kakule. Kimya. Akaita tena. Nikawaza, ni nani huyu Kakule anatuchelewesha? Jokébed alinifinya mbavu. Nikapiga kelele "présent!" kwa nguvu mpaka soda akashtuka na kushika bunduki. Kidogo tu na "présent" ingekuwa neno yangu ya mwisho duniani.

Tunalala kwa masista, commune Ruwenzori. Babinti ndani. Bertrand kwa padri, ku kitanda. Mi inje mu camion yenye kutuleta, na mipira. Nimejifunza maisha yote ya Léon: mwaka ya kuzaliwa, jina ya baba, kijiji ya mama. Nayajua kuliko yangu. Sasa hakuna soda wa kuniweza.

Siku ya tano, 15 juin. Kasese.

Tumevuka mupaka, mais kwa bei gani!

Toka Beni mpaka Kasindi camion ilikimbia bila kusimama, juu ku ile njia batu ba pori banachomaka magari. Tukasikia mulio moja. Bote chini! Ilikuwa tairi ya camion ingine nyuma yetu, imepasuka. Bengine balisimama mara moja. Mi nilibakia chini ya mufuko ya mipira mpaka Ornella, ule wa namba tisa, akanivuta na muguu.

Ku mupaka, mwenye kupiga cachet ni karani mumoja, Muyisa, Munande wa kwetu. Nyuma yake commandant: miwani nyeusi, Lingala mu kinywa, bastola ku meza. Muyisa anasoma majina. Anafika ku Kakule Léon. Anainua kichwa.

Hapa inaomba kueleza. Kwetu jina inasemaka zamu ya kuzaliwa. Mi ni Nzanzu Apollinaire: Nzanzu, kijana wa kwanza. Kakule ni wa ine. Donc kila Kakule iko na bakaka batatu. Nilijifunza yote ya Léon, mais bakaka niliwasahau! Na Muyisa anauliza, na furaha yote, kama Kasereka, ule wa tatu, anaendelea je. Asema balisoma pamoja, balilala kitanda moja ku internat, blanketi moja.

Nikisema anaendelea muzuri, ataomba jina ya bibi yake, hesabu ya batoto, rangi ya mulango. Commandant alishaanza kuniangalia. Jasho! Nikatafuta neno moja ya kufunga hii mazungumuzo. Nikaipata. Nikasema amekufa.

Yezu Maria! Muyisa alianguka kifua ku meza, juu ya karatasi zote, akalia sawa mutoto. Commandant akatoa miwani, akauliza kitu gani ilimuua. Nikasema tumbo. Akafanya alama ya musalaba. Barrière ikafunguka, ata mufuko moja haikupekuliwa! Kwa dakika moja nilijiona mwenye akili kuliko Butembo yote.

Kisha Muyisa akainua uso. Akasema ataomba ruhusa. Siku ya Mungu, tukirudi, atapanda camion yetu kwenda ku matanga.

Jokébed hakufungua kinywa mpaka Kasese. Kisha aliifungua. Alisema Kasereka ni muuza nyama wa soko yetu, mutu muzima, siku ya tatu alimukatia maini. Alisema siku hizi mutu anaenda shamba asubui na jioni hapana rudi. Na mi, pamoja na bote banaokufa bila kupenda, namuchagua mwenye kupumua na kumuzika na kinywa! Akauliza, na kama ile neno ikimufikia? Woga ikaniingia ya kweli.

Siku ya posho, 16 juin. Kasese.

Match! Nimeiona robo tu.

Kumbe Bertrand alishabaambia benyeji. Mbele ya mupira kuanza, arbitre akasimamisha babinti bote ishirini na mbili: dakika moja ya kimya kwa marehemu Kasereka, kaka ya mubeba-mipira. Terrain nzima imesimama. Mi katikati, na kitunga ya machungwa. Nilisali Kasereka asife leo. Ata kesho. Ata mbele ya mi kurudi.

Kisha bamama ba hapa bakashuka kutoka juu, kwenye banatazamiaka mupira. Ni Bakonzo, ndugu zetu, luga moja na sisi. Bakakaa ku banc yangu, kushoto na kuume, bakanishika mikono. Balilia. Balileta uji. Mumoja aliniambia alizika bakaka babili mwaka jana, vita ya milimani, na hakupata mutu wa kukaa naye. Nilitaka kumuambia ukweli. Kweli nilitaka. Nilikunywa uji.

Bertrand alinipigia filimbi nilete maji. Mama moja alisimama, akamuambia awe na haya, mwenye kufiwa habebi maji. Donc Bertrand akabeba yeye mwenyewe, ndoo mbili, mbele ya batu bote, suruali ikalowa mpaka magoti! Saa ile matanga ilinipendeza kidogo.

Dakika ya themanini. Tuko moja kwa sifuri, goli ya Ornella, hiyo sikuiona juu mama mumoja alikuwa ananipangusa machozi. Penalty ya Uganda! Mupigaji yao, paja yake moja ni kiuno yangu. Jokébed peke yake mu goli, mikono wazi. Niliogopa kuangalia, nikaangalia. Akaruka. Akaishika! Na mi nikaruka, nikapiga kelele, nikacheza! Terrain yote ikanigeukia. Mufiwa anacheza! Papo hapo nikajitupa chini na kugeuza kelele kuwa kilio. Bamama bakanibeba bane bane.

Tulishinda. Jioni tulitembea mu avenue, taa zinawaka, hakuna mwenye kuomba karatasi. Jokébed alisema niangalie batu ba hapa, banatembea bila kugeuka nyuma. Alilia kidogo, ata yeye mwenye kushika penalty. Nikamushika mukono, hakuitoa. Mais kesho ni mupaka.

Siku ya Mungu, 17 juin. Beni.

Muyisa alikuwa anatungoja ku barrière, nguo nyeusi. Na godoro. Na sufuria tatu, radio, mashini ya kushona na kuku mbili. Namna gani huyu mutu anajua kuomboleza! Commandant mwenyewe alisaini ruhusa ya siku tatu, akatoa gunia ya muchele kwa mujane, na barua ya kutupisha popote.

Akakaa karibu yangu. Ku kila barrière alilia kwa sauti, basoda banatoa kofia. Kati ya barrière na barrière alikuwa anauliza Kasereka alisema nini mbele ya kufa. Ningejibu nini? Nikasema alisema Muyisa asalimiwe. Akalia zaidi. Jokébed alikuwa anaangalia milima.

Mi nilikuwa napiga hesabu. Kesho ni Butembo. Tutafika kwa Kasereka, mulango itafunguka, na marehemu atatokea na kisu ya nyama mu mukono. Muyisa atapeleka habari kwa commandant. Mi gereza, mu cachot. Bertrand cachot, hiyo sawa. Mais babinti pia, bote bako ku karatasi moja na mi. Jokébed mu cachot ya basoda! Ku ile wazo nikaanza kulia, na hii kilio sikuitafuta.

Kisha kupita barrière ya mwisho ya kuingia Beni, Muyisa akapangusa uso na kupiga ngumi ku ubavu ya camion. Camion ikasimama. Akashusha godoro. Nikamuambia matanga ni Butembo. Akauliza matanga gani! Asema Kasereka alipita mbele ya meza yake juma jana na ngombe mbili, munene, anacheka. Na Léon, yeye Muyisa anamujua toka utoto, Léon ni mufupi na iko na kovu ku paji. Alijua toka mwanzo! Miaka mitatu anaomba kutoka ku ile meza, bastola nyuma ya shingo. Karani wa mbele yake alikosea jibu moja tu, na batu habakumuona tena. Ruhusa inatolewa kwa kifo peke yake. Kila asubui alikuwa anasali Mungu amuletee mufu, njo mi nikafika. Nikamuuliza, na ile machozi? Akasema ilikuwa ya kweli, ni ya woga. Akaniambia wasingya, sawa tunavyoshukuru ku Kinande, akaenda na kuku zake.

Hatarudi Kasindi.

Siku ya pili, 19 juin. Butembo.

Nyumbani! Muzima! Jana nilibusu mulango.

Kasereka alikuja. Habari ilishamufikia. Kifo haikumukasirisha sana, ni tumbo njo ilimukasirisha: muuza nyama akisemwa amekufa na tumbo, nani atanunua tena nyama yake? Alibeba gunia ya muchele ya mujane wake, akaenda.

Jokébed alinipigisha magoti, rozari mu mukono. Niape sitamuzika tena mutu mwenye kupumua. Niliapa na moyo yote. Akasema, kama ni vile, septembre iko pale pale. Na akacheka, mara ya kwanza toka mupaka. Naandika hapa ili ibakie: nimebadilika.

Siku ya tano, 22 juin. Butembo.

Asubui basoda batatu ku mulango, na adjudant wa Kasindi, mukubwa wao. Balienda kwanza kwa Kakule Léon, juu njo jina ya ku karatasi. Léon, alishapona, akabaonyesha nyumba yangu. Banamutafuta Muyisa. Ruhusa yake ilikwisha.

Ningesema sijui, na ingekuwa kweli. Mais adjudant alikuwa anagusa bunduki na kidole moja, pole pole. Jokébed alikuwa nyuma yangu ndani ya mulango, na beseni ya unga ya muhogo. Kinywa ikafunguka peke yake. Nikajisikia nasema Muyisa amekufa. Huzuni ya Kasereka njo ilimuua.

Adjudant akatoa kofia. Akakaa. Akaomba maji. Akauliza kaburi iko wapi, nikasema Kayna, kule kusini, mbali sana. Akaandika. Kisha akauliza kama marehemu aliacha bibi. Nikasema hapana. Akasema haiwezekani: mutu wa kubeba godoro, sufuria tatu na mashini ya kushona, iko na bibi mahali. Na kama bibi anafichwa, labda na Muyisa anafichwa. Akasimama. Basoda bote bakasimama. Macho yake ikapita juu ya bega yangu, ikafika ku mulango. Mukono yangu ikainuka. Nikamuonyesha Jokébed.

Beseni ilianguka, unga yote chini. Adjudant alimupigia saluti, akamupa pole na mikono mbili. Akasema Kasindi hapana sahau bajane bake. Kila mwezi atatuma soda kuangalia kama anavaa nyeusi, kama hakuna mwanaume anamusumbua, mpaka mwaka ipite. Akaandika jina yake yote.

Balienda. Jokébed hakunipiga. Ningependa anipige. Alikusanya unga na mikono, kidogo kidogo, bila kuniangalia. Akasema septembre imekwisha. Akaenda kwa mama yake.

Nimelia. Nimewaza toka saa sita mpaka sasa. Mwaka moja ni mingi, na Bertrand iko kila siku ku terrain. Mais nimekumbuka kitu! Zamani kwetu mujane alikuwa anabakia kwa ndugu ya marehemu, anakuwa bibi yake. Hakuna soda anaweza kukataa desturi. Donc inaomba tu mi niwe mudogo wa Muyisa, kwa karatasi. Kesho asubui natafuta mutu wa kuniandikia.