Chembe za Mkurugenzi

Nikiwa Msemaji wa Maabara Kuu ya Vinasaba, nina furaha kuutangazia umma kwamba wizi wa friji yetu ya kuhifadhia sampuli umeshughulikiwa kwa ufanisi wa kupigiwa mfano.

Friji ilitoweka Jumamosi. Jumatatu asubuhi Mkurugenzi alikuwa keshampata mwizi: mama wa usafi, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo na ndiye asiye na cheo. Akasimamishwa kazi palepale. Mama wa watu alikaa kwenye ngazi, ndoo miguuni, akiwaza atawaambia nini wanawe.

Mtaalamu wetu, dada mmoja mkimya, aliomba mtu asiingie chumba kile mpaka atafute chembe za ngozi na jasho la mwizi. Ombi lilipokelewa kwa uzito. Kwa uzito huohuo, wakuu wa idara kumi na mmoja wakaenda kukagua. Kila mmoja alishika kitasa, akapapasa ukuta, akapiga chafya. Mkurugenzi mwenyewe alipangusa kila kitu kwa kitambaa, ili ushahidi ukutwe safi.

Kisha akaagiza wafanyakazi wote wachukuliwe mate. Kwa kuonyesha njia, alitangulia yeye kupanua mdomo mbele ya waandishi wa habari.

"Chukua hata mara mbili," alimwambia mtaalamu. "Sisi hatuna cha kuficha."

Mtaalamu hakuhangaika na kitasa. Alipiga magoti, akaokota kipande cha utepe wa gundi kilichobaki mwizi alipofunga mlango wa friji usifunguke njiani. Kilikuwa kimejikunja, upande wa gundi ukabaki ndani, salama kutokana na vidole vya wakuu. Akakikunjua taratibu, akapitisha kijiti cha pamba.

Siku ya nne alinikabidhi majibu. Nikayasoma hadharani bila kupepesa macho, kama nisomavyo kila ninachopewa. Lilikuwa jina la Mkurugenzi.

Mkurugenzi alisema mashine ni mbovu.

"Basi turudie, mzee," mtaalamu akasema. "Mate yako ya pili yapo."

Friji ilikutwa sebuleni kwake, imejaa soda za harusi ya bintiye.

Mama wa usafi alirudishwa kazini, akapewa jukumu la kufungasha vitu vya bosi. Alivaa glavu mbilimbili. Nilipomuuliza sababu, alisema hataki chembe yake ikutwe karibu na mtu yule.