Mabegi ya Baba ya Kwenda Madina kwa Miguu

Jumamosi, 10 Machi 2018. Riyadh.

Leo asubuhi Baba, ndivyo tunavyomwita mwajiri wetu, ametangaza kwamba atatembea kwa miguu kutoka Jeddah hadi Madina. Kwa miguu. Mzee mwenye magoti mabovu, ambaye hata msikiti wa mtaani huwa nampeleka kwa gari. Aliweka nadhiri bintiye alipokuwa amelazwa. Binti amepona, kwa hiyo anatembea, yeye na rafiki zake wawili wa ujana. Gari litawafuata nyuma na maji, mahema na mabegi.

Nikajua gari hilo ni langu. Mimi ndiye dereva wa nyumba hii. Na Jeddah ndiko aliko Fridah, anayefanya kazi kwa dada yake Baba, mtaa wa Al-Hamra. Tulionana Riyadh alipokuja na madam wake wakati wa Idi, na tangu hapo tunaongea kwa simu. Mkataba wake unaisha mwezi huu, anarudi Meru. Nina jambo la kumwambia ambalo haliambiwi kwa simu.

Baba akasema atakayekwenda ni Alfayo. Alfayo, mlinzi wa geti, Mkenya mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja, aliyepata leseni juzi. Sababu yake ni kwamba Madam, mke wake, na watoto wanahitaji dereva anayeijua Riyadh vizuri, maana Madam mwenyewe haruhusiwi kushika usukani. Kwa hiyo kosa langu ni kuijua kazi.

Mimi nimepewa kufunga mabegi.

Jumatatu, 12 Machi. Riyadh.

Hali ya hewa ya mwezi huu haina msimamo. Asubuhi nilivaa sweta, saa sita nikalivua, alasiri vumbi likafunika jua, na kabla ya magharibi ikanyesha mvua ya dakika chache. Madam amesema niweke nguo za kila aina. Baba amesema niachwe nifanye nijuavyo, kwamba mtu aliyezaliwa milimani Taita anaijua baridi kuliko wao wote.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Kisha nikapata wazo.

Nimeweka kanzu nyepesi, kofia, vilemba, kandambili, taulo. Nimeacha masweta, soksi nzito, jaketi la mvua na ile farwa, joho lenye manyoya ndani ambalo Baba huvaa jangwani. Vyote viko chini ya kitanda changu. Baridi itamgusa Baba kidogo huko njiani. Kidogo tu. Atapiga simu nguo nzito ziletwe upesi. Dereva aliyebaki ni nani? Madam ataazima dereva wa kaka yake, na mimi yalla, Jeddah.

Alfayo alinyanyua begi akauliza mbona ni jepesi hivi. Nikamwambia kufunga mizigo ni ufundi. Akaniangalia kama mtu anayetaka kusema neno, halafu akaenda kuangalia hewa ya magurudumu.

Jumatano, 14 Machi. Riyadh.

Wameondoka. Baba alinishika bega akasema nimwangalizie nyumba. Sikumtazama machoni kwa sababu ya vumbi.

Nimempigia Fridah nikamwambia nitafika Jeddah karibuni kwa kazi maalumu. Akauliza kazi gani. Nikasema ya siri. Akacheka na kusema atanipikia chapati.

Jumamosi, 17 Machi. Riyadh.

Jeddah kuna joto la kutoa jasho hadi masikioni. Baba amempigia Madam kunisifu. Kanzu nyepesi zimemfaa kabisa. Wale rafiki zake wamejaza mabegi makoti na sasa wanajuta. Madam akanipa sifa hizo kama zilivyo, pamoja na sahani ya tende. Nilizila zote na hazikuwa na ladha.

Habari nyingine imetoka kwa Fridah mwenyewe. Kabla ya kuanza kutembea walilala Al-Hamra, na Alfayo alikula chapati saba. Fridah anasema ni mtu mpole, anaosha sahani yake mwenyewe.

Chapati zile zilikuwa zangu. Na huku hajawahi kuosha hata kikombe.

Jumanne, 20 Machi. Riyadh.

Nimechoka kungojea baridi, nikaamua kuisaidia. Nilimwambia Madam nimesikia kwa madereva wenzangu kwamba hali ya hewa inabadilika huko magharibi, na mimi kama mtu wa milimani nina wasiwasi na kifua cha Baba. Nikajitolea kupeleka nguo nzito leo hii. Madam akaingiwa na hofu, akampigia mbele yangu. Nilikuwa nimeshajaza petroli.

Baba akakataa. Alisema mimi, Danson, nilifunga mabegi kwa akili zangu zote, hakuna cha kuongeza. Halas.

Nikaenda kuwachukua watoto shuleni. Mmoja alitapika kwenye kiti cha nyuma.

Ijumaa, 23 Machi. Njiani.

Alfayo alipiga simu asubuhi. Jana walikuwa wamefika milimani, hali ikageuka ghafla: upepo, kisha mvua, kisha mvua ya mawe. Wale rafiki wawili wakavaa makoti yao. Baba hakuwa na kitu. Alfayo alivua jaketi lake akamvika, lakini mzee alikuwa ameshalowa na alikataa kuingia garini kwa ajili ya nadhiri yake. Akatembea hivyo hivyo mpaka akaanguka. Sasa amelazwa Jeddah na kifua.

Madam akaniambia nitoe gari. Nilichota zile nguo chini ya kitanda nikazitupa kwenye buti. Hakuuliza zilitoka wapi. Ameketi nyuma, anasoma dua kwa sauti ndogo tangu tuvuke Taif. Nimetamani safari hii kwa majuma mawili. Naandika tukiwa tumesimama kuweka petroli.

Jumapili, 25 Machi. Jeddah.

Niliruhusiwa kumwona. Amekuwa mdogo pale kitandani. Nje kuna joto la kuchoma, nami nimesimama nimeikumbatia farwa kama mtu aliyebeba kondoo.

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimefungua mdomo. Yeye akaanza kwanza.

"Danson, usijilaumu," akasema. "Alfayo aliniambia Jeddah tununue koti sokoni. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, kama kungekuwa na baridi mbele, Danson angeliweka."

Nikaikumbatia farwa zaidi. Akaniuliza kama nadhani nadhiri yake itahesabiwa, kwa kuwa hakufika. Mimi ni Mkristo, sijui mambo hayo, na hata kama ningejua, si mimi wa kumjibu. Nikasema itahesabiwa. Akageukia ukuta, nikaona mabega yake yanatikisika. Kikohozi, nafikiri. Nimeamua ni kikohozi.

Fridah alikuwa kwenye korido na chombo cha supu. Siku hizi zote niliyafanyia mazoezi maneno yangu kwenye kioo cha gari. Hakuningoja niyaseme. Aliitazama ile farwa, akagusa manyoya yake.

"Hii ilikuwa Riyadh?"

Nikasema ndiyo.

"Mbona haikuwekwa?"

Nikasema nilisahau.

"Ulisahau koti, na kwa alivyosema Alfayo, ukasahau sweta, ukasahau na soksi. Halafu ukaniambia unakuja Jeddah kwa kazi ya siri." Alisema polepole, kama anayejumlisha. "Danson, huyu ni mzee wa watu."

Nikamwambia nilifanya hivyo kwa ajili yake. Nilidhani hilo lingemlainisha. Akasema asinisikie tena nikilirudia neno hilo, asije akabeba mzigo ambao hakuufunga. Akaingia na supu. Mlango wa hospitali hujifunga wenyewe, taratibu sana, na nikausubiri mpaka mwisho.

Ijumaa, 30 Machi. Jeddah.

Fridah alisafiri jana. Sikuambiwa saa ya ndege. Alfayo ndiye aliyempeleka uwanjani, kwa amri ya madam wake. Baba ametoka hospitali na anapumzika hapa Al-Hamra. Anasema baridi ijayo ataanza tena palepale alipoangukia, na mabegi nitayafunga mimi. Amempa Alfayo likizo ya kwenda Kenya kwa kumwokoa. Mimi nimepewa shukrani.

Nimelala kutwa nikifikiri kosa langu lilikuwa wapi. Mwishowe nimeliona. Kosa lilikuwa kumtegemea mtu mwingine augue. Mwanamke huyu ana huruma kwa wagonjwa, nimeiona kwa macho yangu mwenyewe. Basi mgonjwa niwe mimi.

Nimepata nambari yake ya Kenya kwa Magdaline, mpishi wa hapa, nikimwambia nina ujumbe wa Baba. Nimemwandikia Fridah kwamba nimelazwa, kifua kilekile, nilikipata nikimuuguza mzee. Nimeandika kwa ufupi, kama mtu asiye na pumzi. Kilichobaki ni picha ya kuthibitisha. Shuka jeupe lipo. Plasta ya mkononi ipo. Jasho si tatizo katika mji huu.

Nimemwomba Alfayo anipige picha. Nilitegemea anicheke, lakini amekubali mara moja na hata amenipangia mto vizuri. Kweli ni mpole. Ameshauri picha isitoke kwenye simu yangu, maana mgonjwa mahututi hashiki simu. Afadhali aitume yeye, na pia aongee naye kidogo, amweleze hali yangu. Na kwa kuwa anaenda likizo wiki ijayo, atafika Meru mwenyewe kunitetea ana kwa ana.

Sikuwa nimefikiria mbali hivyo. Nimempa nambari, jina la kijiji chao, na njia ya kufika nyumbani kwao kutoka kituo cha basi.