Amani Imefikia Asilimia Tisini na Sita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo, na vitengo vidogo vya vitengo. Wake, wazazi na watoto wa askari wetu mlioketi kwenye mabenchi, na nyinyi mliokosa mabenchi. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, mimi Mkurugenzi Mkuu wa Mazungumzo ya Siri, kuwaarifu kwamba vita hivi, ambavyo vimetimiza mwaka wa tisa huku majeshi yetu na ya wenzetu yakitazamana kutoka mashimo yale yale, kingo mbili za mto ule ule, bila mtu kusogea hata hatua moja, sasa vimeingia rasmi katika awamu ya tatu ya mchakato wa utangulizi wa maandalizi ya kumalizika. (Vigelegele. Mzee mmoja: "Rudia hapo!")

Sirudii, mzee wangu, muda hautoshi. (Kicheko.)

Ndugu zangu, ofisi yangu imefanya vikao thelathini na kimoja, ghorofa ya pili, chumba namba nne, mapazia yamefungwa, simu zote zimewekwa kwenye ndoo. Ninayo furaha kutangaza kwamba amani imefikia asilimia tisini na sita, kwa sababu katika vipengele hamsini vya rasimu tumekubaliana arobaini na nane, tena upande wa pili haukupinga chochote isipokuwa saa ya chai, jambo ambalo wataalamu wetu wanasema ni la kipekee katika diplomasia ya kisasa. Vilivyobaki ni viwili tu, vidogo: kusitisha mapigano, na askari kurudi nyumbani. (Minong'ono.)

(Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anasimama: "Samahani, baba. Mimi fundi cherehani, mume wangu yuko kwenye hilo shimo. Huyu wa mgongoni anatembea sasa, na baba yake hajamwona. Anarudi lini?")

Swali zuri sana, binti yangu, tena la kitaalamu, na ndiyo maana tumeunda kamati ndogo ya kuchambua hilo neno "lini", ambayo itatoa ripoti ya awali mara itakapopata mwenyekiti. (Fundi baiskeli, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, mwenzako kauliza siku, wewe unampa kamati!" Kicheko kirefu.)

("Basi niambie hao wa ng'ambo wamesemaje," anasema yule mama, hajakaa.)

Hilo ni siri, mama. Na siri yetu haijavuja hata tone. Mke wangu mwenyewe mpaka leo anajua nafanya kazi posta! (Mwanamke mstari wa mbele: "Eti nini?")

Kwa kumalizia, na nikishamaliza nitahitimisha: Amani oyee! (Oyee.) Siri oyee! (Wachache.) Mchakato udumu! (Mtoto analia.)

Namshukuru kila mmoja, na kwa namna ya pekee mtunza stoo wetu, yule pale, ambaye kwa uzalendo mkubwa amekaa upande wa adui vikao vyote thelathini na kimoja, maana adui mwenyewe bado hajaalikwa: barua yake ya mwaliko nilishaisaini tangu mwaka wa kwanza, ila iligongwa muhuri wa SIRI, na kwa kanuni zetu karatasi yenye muhuri huo haitoki kabatini. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Yule mama anakaza kitambaa cha mtoto, anakwenda mpaka jukwaani, ananyoosha mkono: "Nipe hiyo barua, baba. Mume wangu na wao wametenganishwa na mto tu. Ataivusha.")

Binti yangu, ningependa sana, lakini kanuni... halafu ufunguo wa kabati hata sinao mimi, anao mtunza stoo.

(Ukumbi mzima unamgeukia mtunza stoo. Anasimama taratibu, anapapasa mfukoni, anauweka ufunguo kwenye kiganja cha yule mama. "Chukua, dada. Adui amekubali.")